Gari Langu Jekundu na Njia ya Miiba

Bwana asifiwe, ndugu zangu. Nanyi mlioegemea ukuta kule nyuma kwa kukosa nafasi, asifiwe kwenu pia. Naitwa Stefano, fundi wa magari hapa Kilosa, na wengi wenu mnanifahamu. Gari langu mmelipita hapo nje mlipokuwa mnaingia. Nimemsikia mmoja wenu, simtaji, akisema, "Fundi mzima anaendesha gari lililokwaruzwa namna hii." Basi leo nimesimama niwaambie lilivyokwaruzwa, na kwa nini sijalipaka rangi.

Gari lile si la kazi. Ni la mbio, lina viti viwili tu, paa la turubai la kukunja, na liko chini hata kuku anaweza kuruka juu yake. Lilikuwa la mhandisi mmoja Mzungu wa shamba la mkonge nililofanyia kazi. Mashamba yalipotaifishwa alifunga mizigo yake, akaniita karakanani, akaniwekea ufunguo mkononi. Alisema nimelitunza kuliko alivyolitunza yeye, basi nibaki nalo. Ndugu zangu, siku ile nilifurahi kuliko siku ya harusi yangu, na mke wangu Debora ameketi pale, anajua sisemi uongo.

Nililijengea banda la bati kabla sijamaliza jiko la mke wangu. Nililifunika kwa blanketi la kitandani, sisi wenyewe tukajifunika kanga. Kila asubuhi nililizunguka nimeinama kama mtu aliyepoteza sindano, nikitafuta alama. Balozi wetu wa nyumba kumi aliniuliza mara mbili kama habari za ujamaa nimezisikia. Na hakuna aliyepanda na viatu. Debora, akiwa na mimba ya miezi minane, siku ya kwenda kliniki alivua ndala zake mlangoni mwa gari akazishika mkononi. Musa alivua viatu mbele za Mungu. Mke wangu alivua mbele ya gari. Asubuhi alikuwa akinitania, "Mke mwenzangu ameamkaje?" Nami nilikuwa namjibu kwamba ameamka salama.

Sasa mama yangu alikuwa akikaa peke yake kitongojini kwetu, kati ya Mikumi na Kidodi, ndani kidogo chini ya mlima. Baba amezikwa pale. Ikaja amri watu wote wapakiwe malori wahamie kijiji kipya kando ya barabara kuu. Mama akanitumia salamu kwa dereva wa lori la miwa: "Mwambie Stefano aje anichukue mwenyewe. Mimi kwenye lori sipandi."

Nikaenda. Sikilizeni hapa, maana dhambi yangu iko hapa. Nikapita Masanze, nikapita Kilangali, nikafika Mikumi, nikafika njia panda ya kwetu. Masika yalikuwa yamekwisha, na migunga ilikuwa imeifunga ile njia pande zote mbili. Nikashuka. Nikanyoosha mikono nikapima upana wa njia, kisha nikapima upana wa gari. Miiba ilikuwa inagusa. Inagusa tu, ndugu zangu. Kwa miguu ni mwendo wa saa moja, lakini kuliacha gari peke yake barabarani sikuweza pia. Nikajiambia kwamba malori yapo, mama atapanda kama wenzake, akishapanda atazoea. Nikageuza gari nikarudi Kilosa.

Zikapita kama wiki mbili. Siku moja saa saba mchana, jua kali, mtaa mzima umetulia, nikasikia sauti bandani. Kwaru. Kwaru. Kwaru. Ni kama mtu anakwangua kitu kwa kitu kigumu, polepole, bila haraka. Nikaenda. Kufuli ipo mahali pake. Nikafungua, hamna mtu, hamna paka, hamna panya. Nikafunua blanketi. Kwenye mlango wa kushoto, ule wa abiria, palikuwa na mkwaruzo mmoja mrefu, mwembamba, umepinda kidogo mwishoni.

Niliusugua kwa nta mpaka ukapotea. Kesho yake saa saba, kwaru, kwaru. Mkwaruzo umerudi palepale. Nikaupaka rangi. Ukarudi juu ya rangi. Siku iliyofuata nikajifungia bandani mwenyewe, nikaweka kiganja changu juu ya mlango ule, nikangoja. Sauti ikaja. Sikuweza kujua inatoka nje au ndani. Nje jua linawaka na mabati ya banda yanalia kwa joto, lakini bati la mlango lilikuwa baridi kama mtungi. Nilipoinua mkono, mkwaruzo ulikuwa chini ya kiganja changu.

Niliogopa sana, na mtu mwenye hofu hutafuta wa kumsingizia. Jirani yangu ni Bi Mwanahawa, mama mtu mzima, Mwislamu mcha Mungu, anakaanga vitumbua. Mbuzi wake aliwahi kulikaribia gari, nikampiga jiwe, tukagombana. Basi nikaamua ni yeye. Nilimwita mchawi mbele ya wateja wake wakati wa asubuhi, watu wamejaa. Aligeuza vitumbua vyake visiungue. Nami mtu wa kanisa hili, ninayeimba besi pale mbele, nikaenda kwa mganga, nikarudi na hirizi nikaifunga chini ya usukani. Wazee wa kanisa mpo, naungama mbele yenu. Kwa mama sikutuma hata salamu. Kwa gari nilitafuta hirizi.

Sauti haikukoma. Ila ilianza kupungua. Kila siku ilikuwa dhaifu kuliko jana yake, tena ikikatikakatika, na kupungua kule kuliniogopesha kuliko ilipokuwa na nguvu. Debora alisema, "Baba Neema, hiyo si sauti ya kuifukuza. Hiyo ni ya kuiuliza inataka nini." Nikamwambia aniache.

Asubuhi moja Bi Mwanahawa akabisha hodi. Hata shikamoo sikumpa. Alisimama mlangoni, akasema, "Stefano, mimi na wewe hatusemeshani, lakini salamu za watu ni amana. Kaka yangu amefika jana kutoka kijiji kipya kule Mikumi. Anakusalimu, na anauliza mama yako anaendeleaje hapa kwako."

"Hapa kwangu? Mama yuko huko kwao."

Akanitazama. "Huko hayupo, mwanangu. Siku ya lori hakuonekana. Watu walisema ana mtoto mwenye gari, basi amekwisha kuchukuliwa."

Ndugu zangu, hapo nikaelewa. Kwa sababu nilikuwa na gari, hakuna aliyemtafuta mama yangu. Laiti ningekuwa fukara, wangemwulizia.

Niling'oa hirizi nikaitupa mtaroni. Nikasali sala fupi kuliko zote nilizowahi kusali: Bwana, nimkute hai. Nikaondoka.

Pale njia panda sikushuka kupima kitu. Nilikanyaga mafuta nikaingia. Miiba ya mgunga juu ya rangi ya gari hupiga kelele, msione ni miti tu. Kwaru upande huu, kwaru upande ule, turubai likapasuka juu ya kichwa changu, kioo cha pembeni kikang'oka kikabaki mtini. Kila mkwaruzo niliusikia mgongoni. Nililia njia nzima, na sitaki kuwadanganya: mwanzoni nililia kwa ajili ya gari.

Nikatokea kitongojini saa saba mchana. Nyumba zote zilikuwa zimesimama bila mapaa. Watu walikuwa wamevua nguzo na nyasi zao wakajengee kule walikohamia, zikabaki kuta na matundu ya milango. Nyani walikuwa wamekaa juu ya kuta wananiangalia, wala hawakukimbia. Kwenye kizingiti cha mwalimu aliyenifundisha kusoma kulikuwa na mavi ya tembo. Upepo hamna, ndege hamna. Nikazima injini.

Kwaru.

Nikangoja. Kwaru. Sauti ileile ya bandani. Nikaifuata kupita uani kwetu, kupita kaburi la baba, hadi jikoni.

Mama alikuwa ameketi ndani ya kuta nne, juu yake mbingu tupu. Majirani walidhani nimemchukua, wakavua na paa lake. Mbele yake yalikuwa mafiga matatu na chungu juu yake, moto hamna, na alikuwa anakikwangua chungu kile kwa kifuu cha nazi. Ndani hamkuwa na kitu. Palikuwa na mstari mmoja tu uliochimbika ukutani mwa chungu, mrefu, mwembamba, umepinda kidogo mwishoni.

"Shikamoo, mama. Unakwangua nini?"

"Marahaba. Nakuita."

Hapo ndipo nikakumbuka. Mimi ni kitinda mimba, ukoko ulikuwa haki yangu. Nilipokuwa mdogo mama hakuniita kwa jina mchana wakati wa kula. Alikwangua chungu, nami nikaja mbio popote nilipokuwa. "Siku zote nikikwangua unakuja," akaniambia, bila hasira kabisa. "Safari hii umechelewa."

Siku ya lori alijificha nyuma ya kaburi la baba, akiningoja mimi. Alikula mihogo ya shambani mpaka nguruwe pori walipoimaliza. Nilipombeba alikuwa mwepesi kama kapu tupu. Lakini mlangoni akang'ang'ania. "Mafiga yangu." Alikuwa amepewa na mama mkwe wake, hakuwa tayari kuyaacha. Basi nikayachukua. Moja nililitupia kwenye buti, likabonyeza bati mpaka leo mnaliona. La pili nikaliweka nyuma ya viti, likachana ngozi. La tatu akataka alipakate mwenyewe na masizi yake. Nikamfungulia mlango wa kushoto. Akasimama pale na katambuga zake za tairi zenye matope makavu, akaniuliza, "Nivue?"

Sijui nani alikuwa amemwambia. Alikuwa hajawahi kupanda gari lile maishani mwake.

Nikamwambia, "Usivue, mama." Nikapiga magoti pale mavumbini, nikamwomba Mungu anisamehe, na mama akaweka mkono wake mweusi wa masizi juu ya kichwa changu. Ndugu zangu, nilifunguliwa pale, mbele ya nyani. Safari ya kurudi kupita miiba ileile sikusikia sauti yoyote, ila mama akipumua.

Niliomba msamaha kwa Bi Mwanahawa mbele ya wateja wake, asubuhi, watu wamejaa kama siku ile. Akaniambia nisizuie foleni. Jioni alimletea mama uji. Mama aliishi nasi mavuno matatu kabla Bwana hajamchukua, na Debora anapikia mafiga yale hata leo.

Mkwaruzo ule wa kwanza nimeutafuta. Mlango wa kushoto sasa una mikwaruzo kama shamba lililolimwa, na ule hauonekani miongoni mwake. Bandani hamna sauti tena. Saa saba mchana naketi nakula na mke wangu, na mara nyingine, akikwangua sufuria, nanyanyuka kabla hajaniita. Mnaoniuliza habari za rangi, jibu langu ndilo hilo.

Namshukuru Mungu aliyenisemesha kwa sauti niliyoidharau. Nawe uliye na kitu chako kizuri umekifungia, na kuna mahali unaitwa, usingoje sauti ipungue. Mwamini Bwana, toka. Miiba haijaua mtu, nami gari langu bado linawaka.

Mwenye mgonjwa kule ndani, kwenye njia mbaya, iwe Masanze, iwe kule kwetu Kidodi, anione hapo nje tukitoka. Kiti cha kushoto kiko wazi. Na apande na viatu vyake.