Ushuru wa Barabara Iliyozama

Pale Asembo Bay, mahali lami ya zamani inaposhuka na kuingia ziwani bila kuaga, kuna benchi la watu wasiokosa kahawa ya Seif. Mwaka ule wa mafuriko maji yalipanda yakaimeza barabara, na mpaka leo hayajairudisha. Asubuhi hiyo ukungu ulikuwa umelala juu ya maji. Calvince mwenye boti, wanayemwita Kapteni, alikuwa ametoka kununua petroli, na roho ilikuwa inamchemka.

— Kila lita iko na tozo ya barabara ndani. Mimi natembea kwa maji! Nimeharibu barabara gani?

Adongo, aitwaye Betri kwa sababu ya pikipiki yake ya stima, akacheka.

— Mimi sinunui petroli, kwa hivyo silipi. Ni makosa yangu?

— Lami unakanyaga wewe, nalipa mimi. Hiyo ni haki, omera, rafiki yangu?

— Wahenga walisema, mgeni njoo, mwenyeji alipe.

Seif alikuwa akimimina kahawa.

— Kapteni, pengine unalipia ile ya chini. Boti yako si inapita juu yake?

— Na wanaoitumia huko chini je? Betri akadakia. Nao walipe! Mtaka cha mvunguni sharti ainame.

Calvince hakucheka. Ndugu yake Frankline aliingia barabara hiyo na pikipiki yake ya boda wakati maji yanapanda. Hakupatikana, yeye wala boda.

— Juzi nilizima injini huko ndani, akasema polepole. Ziwa limetulia kabisa. Nikasikia injini ingine, chini yangu. Inabadilisha gia.

— Ni samaki, Betri akasema.

— Samaki gani ako na gia?

Mama mmoja mgeni, aliyekuwa amesimama akingoja kahawa yake, akauliza:

— Samahani, hii barabara ilifungwa lini?

Hakukuwahi kuwekwa kibao, wala jiwe. Hakuna aliyewahi kuifunga.

Calvince akaweka kikombe chini. Akavunja matawi, akayapanga juu ya lami ukingoni mwa maji, kama dereva anavyowaonya wanaokuja gari likimfia njiani. Akarudi kuketi.

Upepo haukuwepo. Tawi la kwanza likasogea pembeni. Kisha la pili, taratibu, mpaka ikapatikana njia ya kupita pikipiki.

Calvince akajisogeza kwenye benchi, akaacha nafasi ya mtu mmoja.