Mama Mgao, Aliyepunguza Fungu la Shule ya Mumewe

Marehemu mama yetu, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Mama Mgao, alizaliwa tarehe 9 Machi 1951 katika wilaya ya bondeni, mtoto wa tatu wa fundi viatu na mkunga. Mkunga huyo, bibi yetu, alipenda kusimulia kwamba mtoto alitoka akilia kama aliyedhulumiwa, na kwamba akili ya kudai haki haikumtoka tena.

Alianza shule mwaka 1958. Shule ya bondeni ilikuwa na chumba kimoja tu. Darasa la pili lilitazama ukuta huu, darasa la nne ukuta ule, migongo ikigusana, na walimu wawili wakishindana kwa sauti. Siku moja mwalimu wa la nne aliuliza swali la kugawanya, jibu likatoka nyuma kwa mtoto wa la pili. Lilikuwa sahihi. Marehemu alichapwa kwa kujibu swali lisilo lake, na kila alipotusimulia alicheka, ingawa si sana. Alimaliza sekondari mwaka 1969 na chuo cha ualimu mwaka 1971.

Alifundisha hadi 1980, kisha akahamishiwa ofisi ya elimu, kitengo cha mipango. Huko ndiko alikokutana na jambo lililomnyima raha. Fedha za shule ziligawanywa kwa kuhesabu vyumba vya madarasa. Wilaya ya mlimani ilikuwa na vyumba tele, maabara, hata bendi ya tarumbeta, kwa hiyo ikapata fungu nono. Bondeni walikuwa na watoto waliojaa hadi dirishani, wakapewa fungu la chumba kimoja.

“Wajenge vyumba vingine, ndipo tuwaongezee,” mkuu wake alimwambia.

“Wajenge kwa kutumia nini, mzee?”

“Hilo halimo kwenye mwongozo.”

Marehemu alitaka wahesabiwe watoto, si vyumba. Alizungushwa miaka mingi, leo njoo kesho, kesho njoo wiki ijayo. Mwaka 1994 alipewa kazi ya kuandaa kikao cha baraza la elimu, kazi ya viti na chai. Akakipeleka kikao kwenye kile chumba kimoja cha bondeni. Wajumbe wa mlimani akawaketisha wakitazama ukuta huu, wa bondeni ukuta ule, kisha akawaomba waanze ajenda zao wote kwa pamoja. Mwenyekiti alivumilia kidogo, halafu akageuza kiti.

“Mama, hapa nani anamsikia nani?”

“Mheshimiwa, hilo ndilo watoto wa hapa wanalouliza kila siku.”

Kura ilipigwa palepale, na kuanzia mwaka uliofuata wakahesabiwa watoto.

Marehemu alifunga ndoa tarehe 14 Agosti 1976 na mwalimu mwenzake. Kufikia siku ya kura ile, baba yetu alikuwa mwalimu mkuu wa shule kubwa kuliko zote mlimani, ile yenye bendi. Kwa hiyo aliyekatwa fungu wa kwanza alikuwa mume wa aliyekata. Wazazi walimjia juu baba, na majirani ndio waliombandika mama jina la Mama Mgao, wala si kwa mapenzi. Nyumbani ikawa salamu zinapitia kwetu watoto. “Mwambieni mama yenu chumvi imekwisha.” “Mwambieni baba yenu asubiri fungu lake.” Sisi tulicheka jikoni, lakini mama ilimuuma. Baadaye walipatana kwa mambo yote isipokuwa hilo, ambalo halikutajwa tena mezani. Marehemu alimpenda mumewe na hakuijutia kura ile, na hakuwahi kuthubutu kumuuliza kama alimsamehe.

Mwaka 2021 aligunduliwa na ugonjwa wa figo. Mwanzoni mwa 2023, akiwa hatoki kitandani, tukasikia kwamba baraza jipya linataka kurudia kuhesabu vyumba. Hakulala vizuri tena. “Wakirudia,” alimwambia binti yake, “mimi nimefanya kazi bure.” Asubuhi ya kikao, tarehe 17 Mei, baba alivaa suti akaaga kwamba anakwenda kwa kinyozi. Tuliona ajabu, suti kwa kinyozi. Alirudi jioni, nywele zile zile.

“Huyo kinyozi amekunyoa nini?” marehemu aliuliza.

“Foleni ilikuwa ndefu.” Kisha baba akaketi kitandani, akamshika mkono. “Nimesimama mbele ya baraza. Nimewaambia, mimi ndiye niliyekatwa kuliko wote, nikanuna miaka. Tarumbeta zilichakaa, basi. Watoto wangu walisoma, na wa bondeni nao wakasoma. Wameuacha mgao wako ulivyo, mke wangu.”

“Ulinuna kweli kweli.”

“Nilinuna. Unisamehe.”

Marehemu alishusha pumzi, akacheka hadi akakohoa, akasema hata yeye alikuwa anasubiri kuombwa au kuomba, mradi liishe. Akataka chai, akanywa nusu kikombe, akalala bila kugeuka-geuka. Alifariki nyumbani tarehe 2 Juni 2023, mumewe akiwa pembeni yake. Tumelia sana, lakini hatufichi kwamba mioyo yetu imetua.

Ameacha mume, watoto wanne, wajukuu tisa, dada mmoja, na shule ya bondeni ambako kila darasa sasa lina kuta zake nne. Tunamwombea apumzike kwa amani, ingawa sisi tuliomuuguza tulimwona akianza kupumzika jioni ile, baba aliporudi kutoka kwa kinyozi.