Kaitu Tebano, Mgema Aliyeimba Juu ya Mnazi (1959–2022)

Marehemu Kaitu alizaliwa Koinawa, kisiwani Abaiang, tarehe 3 Machi 1959, mtoto wa nne wa mzee Tebano na Nei Aritita (Nei ndiyo Bi ya kwetu). Alisoma shule ya misheni hadi darasa la sita. Hapo baba yake akamkabidhi kisu cha kugemea, na tangu siku hiyo kumkalisha chini ilikuwa kazi bure.

Aligema minazi minane, asubuhi na jioni, kwa zaidi ya miaka arobaini. Kama wagema wetu wote, aliimba akiwa juu ili walio chini wajue kuna mtu. Wanasema mgema akisifiwa tembo hulitia maji. Yeye alisifiwa maisha yake yote na hakutia hata tone. Mwaka 1984 alimwoa Nei Rotia, ambaye hakuficha kwamba aliipenda sauti kabla ya kumwona mwenyewe.

Mwaka 2009 aligunduliwa kuwa na kisukari. Baadaye kiliharibu mishipa ya fahamu ya miguuni, nyayo zikamwaka moto, akawa hatulii: mara aketi, mara asimame, mara akimbilie kutia miguu baharini. Mwaka 2018 nesi wa zahanati alimpa vidonge. Moto ulipoa, lakini vilimletea kizunguzungu na usingizi wa mchana. Nesi alimpunguzia dozi, akamwambia mti basi. Marehemu, kwa ubishi wake tunaoujua sote, akaendelea kupanda. Siku nyingine aliacha dawa ili apande, moto ukamrudia nyayoni. Siku nyingine alimeza, akapanda hivyo hivyo.

Kila jioni Nei Rotia alikaa chini ya mti akiimba pamoja naye. Wimbo ukikatika huko juu, roho ilimruka. Alimsema, alimlilia, wapi! Basi tarehe 14 Juni 2019, mumewe akiwa juu, akanyamaza yeye. Marehemu aliita mara mbili, kimya. Alishuka upesi hadi akachubuka magoti.

"Mbona umenyamaza? Nilidhani umekufa!"

"Mimi hudhani hivyo kila jioni."

Kesho yake marehemu alimkabidhi kisu mwanawe Ioteba, akawa anameza dawa kama alivyoelekezwa, na hatimaye akalala usingizi wa mtu mzima. Mwisho kisukari kiliharibu figo pia. Alifariki nyumbani tarehe 9 Septemba 2022, mkewe akimshika miguu.

Ameacha mjane, Nei Rotia. Watoto wawili, Ioteba na Meere. Wajukuu watano, na minazi minane. Ioteba hugema kimya kimya, maana huona haya kuimba. Ameahidi kwamba jioni hii ataimba, na mama yake amesema atakuwa chini ya mti, ajibu.

Kaitu, miguu imepoa. Pumzika sasa kwa amani.