Leopold Cosmas Patrice, Aliyetunga Mikufu ya Vioo vya Bahari

Haya yameandikwa na mjane wake. Mpwa wake Kenrick anayasoma kwa niaba ya familia, na ameombwa asiruke sentensi hata moja, zikiwamo zile atakazoona haya kuzisoma.

Marehemu Leopold Cosmas Patrice alizaliwa L'Esterre, hapa kisiwani Carriacou, tarehe 27 Septemba 1939. Alikuwa mtoto wa nne wa marehemu Emmanuel Patrice, seremala, na marehemu Philomena Cayenne.

Alisoma shule ya L'Esterre mpaka darasa la mwisho na kufaulu vizuri. Wako waliosema hakujua kusoma. Marehemu alisoma gazeti kila wiki kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo, na barua zake za uchumba, ambazo zipo, hazina kosa hata moja. Aliyeandikiwa amekuwa mwalimu miaka thelathini na minne, na makosa aliyatafuta.

Mwaka 1960 alipanda meli kwenda Uingereza akapata kazi Huddersfield, katika kiwanda cha sufu. Alianza kwa kufagia sakafu na kumaliza akiwa msimamizi wa mashine za kufuma. Huko alijifunza fundo la wafumaji, dogo kama punje ya ufuta, ambalo likishakazwa halifunguki.

Tarehe 16 Julai 1966, mjini humohumo, alimwoa Bi. Verna Bethel wa Hillsborough, aliyekuwa akisomea ualimu. Mungu aliwajalia watoto watatu. Walirudi nyumbani Desemba 1986, wakajenga nyumba inayotazama ghuba ya L'Esterre.

Mwaka 1995 ndipo alipoanza kutunga mikufu. Alirudi kutoka pwani na kofia imejaa vipande vya chupa vilivyolainishwa na bahari, akavimwaga juu ya meza iliyokuwa imetandikwa kwa chakula cha mchana.

"Leopold, umeniletea takataka za kilabu cha ramu mezani?"

"Si takataka, Mwalimu. Hivi vimesoma chuo cha bahari miaka sitini. Tazama adabu yake, havikati mtu."

Kipande ambacho bado kilikuwa na ncha kali au kilichong'aa alikirudisha majini siku iyo hiyo. "Hiki bado darasa la pili," alisema. Vilivyokomaa alivilowesha katika maji baridi siku tatu na kuvisugua kwa mswaki, kisha akavipanga dirishani kwa rangi: kijani, kahawia, nyeupe, na ile buluu ya chupa za dawa za zamani ambayo huenda usiione mwezi mzima. Alitoboa kila kipande ndani ya sahani ya maji, nusu upande huu na nusu upande ule, ili kisipasuke. Kisha alivitunga pamoja na shanga ndogo, na baina ya kila shanga na mwenzake akapiga lile fundo la Huddersfield. Mkufu wake ukikatika, shanga moja tu ndiyo huanguka. Kwa alama hiyo mtaujua.

Familia inasema wazi, kwa kuwa imekuwa ikinyamaza muda mrefu: mikufu yote ya vioo vya bahari iliyouzwa katika duka moja la zawadi karibu na gati la Hillsborough, kuanzia 2006 hadi Januari mwaka huu, ni kazi ya mikono ya marehemu. Ilitungwa nyumbani kwake, kwenye meza ya jikoni. Haikutungwa na Bibi Ivy. Hakuna Bibi Ivy.

Huyo Bibi Ivy ni picha iliyochorwa kwenye kadi inayoning'inizwa kwenye kila mkufu: kizee mwenye kilemba na meno mawili, ambaye eti hutunga shanga huku akiimba. Marehemu hakuulizwa. Aliiona kadi hiyo mara ya kwanza shingoni mwa binamu yake aliyekuja likizo kutoka Brooklyn, akaenda dukani kwa miguu kumuuliza mwenye duka, Bi. Corinne.

"Mjomba Poldo, watalii wanataka bibi," alijibiwa. "Nikiwaambia ni mwanamume aliyekuwa msimamizi wa kiwanda, wanaurudisha mezani."

"Basi andika kadi mbili, moja yake na moja yangu. Tuone nani atanunuliwa."

Bi. Corinne alicheka, na kadi ya pili haikuandikwa. Marehemu aliendelea kumpelekea mikufu, kwa sababu alipenda itoke nje ikavaliwe. "Mkufu haujui kusoma kadi, Mwalimu," alisema. Mkewe hakukubaliana naye mwaka huo, wala hajakubaliana naye mpaka leo.

Vijana wa njia panda nao walipata mchezo. "Bibi Ivy, mgongo unaendeleaje?" Na marehemu, mtu mzima mwenye wajukuu, aliwajibu kwa upole: "Mgongo mzima, mjukuu wangu. Ni adabu yako inayoumwa." Baadhi yao wamebeba jeneza lake asubuhi hii. Wamekwisha kuomba radhi, na familia imezipokea.

Tarehe 19 Januari 2018 alipatwa na kiharusi kilichoulegeza mkono wa kushoto. Inasemwa vumbi la vioo ndilo lililomuua. Si kweli. Daktari alisema ni shinikizo la damu, na mtu anayetoboa ndani ya maji hana vumbi. Mpaka wiki ya mwisho aliendelea kuchambua vioo kwa mkono wa kulia, na binti yake Magdalene akampigia mafundo. Alifariki nyumbani Jumanne tarehe 6 Machi, saa kumi na mbili kasorobo asubuhi, mke na binti wakiwa kando yake.

Siku ya pili Bi. Corinne alikuja na shada la maua lenye utepe ulioandikwa "Kutoka kwa Bibi Ivy". Alikuwa na ombi.

"Mwalimu, hilo la mikufu si lazima liingie kwenye kitabu cha mazishi. Watu huweka kila kitu mtandaoni siku hizi, na Bibi Ivy ana maombi ya wateja mpaka Pasaka. Nimeshapata mama mmoja wa kuendeleza. Hata chakula cha msibani nitasaidia. Kwani ni nini? Ni jina tu."

"Kama ni jina tu, andika la Leopold."

Shada lilirudi naye garini. Chakula mtakachokula leo kimepikwa na familia.

Marehemu ameacha mke, Verna, watoto Althea wa Brooklyn, Rupert wa Huddersfield na Magdalene wa L'Esterre, wajukuu saba, dada yake, Eugenia, na wapwa, akiwamo Kenrick, aliyesoma bila kuruka. Hakuacha bibi, shangazi wala mshirika aitwaye Ivy.

Mwakani, Mungu akipenda, tutainua jiwe la kaburi na kufanya karamu yake kama ilivyo desturi yetu. Fundi ameshapewa maneno: jina lake kamili, tarehe zake mbili, na chini yake, "Alitunga mikufu". Wote mnakaribishwa kuja kulisoma. Bi. Corinne amepelekewa mwaliko wake kwa maandishi.

Mola amlaze pema mtumishi wake Leopold Cosmas Patrice, na amwite kwa jina hilo.