Mizani na Vidonge Vilivyoshiba

Marehemu dada yetu, ambaye kazini walimwita Mizani, alizaliwa tarehe 14 Machi 1969, mtoto wa kwanza kati ya wanne, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya karakana ya baba.

Alisoma shule ya msingi kuanzia 1976 hadi 1982, kisha sekondari, na mwaka 1990 akapata stashahada ya ufundi umeme. Darasani walikuwa wasichana wawili.

Mwaka 1991 aliajiriwa katika kiwanda cha betri za taa za mahandaki. Betri hizo hukaa ndani ya masanduku yasiyopitisha hewa, nazo hutoa haidrojeni kidogo kidogo, gesi ambayo ikikutana na hewa na cheche moja hulipuka. Ndiyo maana kila sanduku huwekewa vidonge vyeusi vya kuinyonya. Kidonge kikishashiba hakinyonyi tena, wala hakibadiliki rangi. Huongezeka uzito tu, tena kidogo mno. Kazi ya marehemu ilikuwa kuvipima. Kilichoshiba alikikwaruza mara mbili kwa msumari, mikwaruzo ikapishana, akakitupa kwenye kopo.

"Huyu ameshiba," alizoea kusema. "Hata umbembeleze, hali."

Tarehe 20 Agosti 1994 aliolewa na fundi seremala. Shemeji alipokuja nyumbani mara ya kwanza alibeba kigoda alichokitengeneza mwenyewe. Marehemu alikikalia, kikayumba.

"Mguu mmoja mfupi."

"Mguu mzima, bibie. Sakafu yenu ndiyo mbovu."

Marehemu akaleta pima maji. Sakafu ilikuwa mbovu kweli. Akaomba radhi palepale, mbele ya baba na mama. Ndivyo alivyokuwa: akikosea, alisema nimekosea.

Juni 2023 mkuu wa ghala aliamuru vidonge vya kwenye kopo virudishwe kazini. "Mama, rangi si ileile? Unatuchelewesha bure." Marehemu alikataa kutia sahihi. Akatafutwa wa kutia.

Tarehe 3 Septemba sanduku moja lilirudi kutoka handakini limevimba. Marehemu aliagizwa alifungue. Lililipuka. Alilazwa siku tisa, mikono na kifua vimeungua, akafariki tarehe 12, saa nne asubuhi.

Kaburi halijachimbwa, ripoti ya kiwanda ikawa imeshatoka: "Uzembe wa fundi." Huo ni uongo. Mwenzake, fundi wa kuchomelea, aliokota vidonge saba sakafuni, na vyote saba vina mikwaruzo miwili ya msumari wake. Viko kwenye kisahani, kando ya jeneza. Mkuu wa kiwanda, uliyeketi safu ya pili na shada lako, hatukukuomba maua. Njoo uvitazame, kisha useme neno lile alilolisema marehemu juu ya kigoda.

Ameacha mume, mabinti wawili, mjukuu mmoja, mama yetu mzazi, na sisi wadogo zake watatu.

Yeye apumzike kwa amani. Ripoti ile isipumzike mpaka isahihishwe.