Kabla ya Kufungua

Mchungaji, Mwalimu Mkuu, majirani na ndugu wote mliobanana kwenye madawati haya ya watoto, familia imeniagiza niwasomee maisha ya Melkizedek Nkya kabla hatujampandisha garini kwenda kuzikwa Machame jioni ya leo, nami nitayasoma kama yalivyokuwa.

Marehemu alizaliwa tarehe 12 Machi 1921 kijijini Nkuu, Machame, mtoto wa kwanza wa wazazi wake, akafuatiwa na mdogo mmoja tu wa kiume, na hao wawili walilala kitanda kimoja mpaka miguu yao ikawa inatokeza nje. Aliingia shule ya misheni mwaka 1931, akamaliza darasa la nne mwaka 1934, na hapo akaacha, akachunga mbuzi na kubeba migomba ili mdogo wake aendelee na masomo, na kweli mdogo akaendelea, akajua kusoma na kuandika barua, na telegramu pia, ambayo tutaifikia.

Mwaka 1946 alikuja Oldeani kuchuma kahawa, na tarehe 5 Februari 1951 akaajiriwa kuwa mhudumu wa shule hii ya bweni hapa Karatu, kazi aliyoifanya miaka kumi na minane bila kuonywa hata siku moja. Wengine hukumbuka usafi wiki ya mwisho, wanafunzi wanakuja na buibui bado wananing'inia, lakini yeye alikuwa na daftari ambalo ukurasa wa kwanza aliandika siku ya kufungua shule, kisha akahesabu kurudi nyuma, siku baada ya siku, mpaka Septemba, ambapo aliagiza chokaa. Tangi la maji alilisugua kabla ya mvua za vuli, Novemba alikata majani ya mifagio Ganako akayaanika, na wanafunzi wakishaondoka tu mabwenini, vitanda vilitoka nje, akavimwagia maji ya moto mpaka kunguni wakahama wenyewe, magodoro yakaota jua, mbao za kuandikia akazipaka weusi wa betri za tochi zilizosagwa, na sakafu ilikuja mwisho kabisa, kwa sababu kila mara alianza juu akishuka chini. Nyie, mtu huyu alikuwa hachezi na ufagio!

Lakini kazi hiyo iliangukia Desemba, na Desemba Mchagga yuko nyumbani, kwa hiyo wenzake walipopanda mabasi na mapakacha yao, yeye alibaki peke yake na majengo matupu, akisikia nyayo zake mwenyewe tu.

Tarehe 7 Septemba 1957 alifunga ndoa na Eliapenda wa Lyamungo, mwanamke mcheshi aliyemtania mumewe kwa kukunja hata matambara ya kudekia, naye marehemu akamwacha Nkuu kwa sababu hapa shuleni alipewa chumba kimoja cha stoo. Mwaka 1959 Eliapenda akawa mjamzito, mtoto akitarajiwa Februari, lakini Desemba miguu ikavimba, mkunga akasema mtoto atawahi na hali si nzuri, na wazee wakakataa kumpeleka hospitali mpaka mwenye mke aje atoe neno. Basi tarehe 14 Desemba mdogo wake akatuma telegramu, na marehemu akaipata, wala hakuja. Eliapenda alijifungua mtoto wa kike tarehe 24 Desemba, akafariki siku hiyohiyo, na mumewe aliingia Nkuu tarehe 29, kaburi limeshafunikwa, mkononi ana kitenge na mche wa sabuni.

Mdogo wake alimsimamisha mbele ya wazee, akamwambia kwamba amependa mifagio kuliko mkewe, na marehemu akajibu neno moja tu, kwamba amekuja kabla ya kufungua kama alivyoambiwa. Lo! Mbele ya kaburi la mkewe anatutajia shule! Hivyo ndivyo sote tulivyoelewa, na mdogo wake akamwambia atoke, mtoto atalelewa hapohapo, na yeye asikanyage Nkuu tena mpaka atakapoitwa.

Mtoto huyo ndiye Christina, aliyekaa pale mbele, mtoto pekee wa marehemu, ambaye kila Januari alipokea madaftari na sabuni kwa mkono wa kondakta wa basi.

Mdogo wa marehemu ni mmoja tu, ndugu zangu, naye ndiye amesimama mbele yenu.

Jana nilifungua sanduku lake la nguo nikaikuta telegramu ile ndani ya daftari. Inasema NJOO NYUMBANI KABLA YA KUFUNGUA, na posta hawana kosa, ndivyo nilivyoandika mimi, mwenye elimu ya nyumba nzima, nikiwa na maana ya kabla mkewe hajajifungua. Yeye alielewa kufungua shule, akarudi kwenye hesabu zake, akajibana akamaliza siku kumi kabla ya mpango, akaja mbio. Juu ya neno KUFUNGUA ameongeza kwa penseli herufi mbili, ji. Alijua kosa ni la nani, akanyamaza miaka tisa, akaniacha nimlaumu.

Na Metui, mlinzi wa hapa, ameniambia ambalo sikulijua, kwamba tangu mwaka 1960 kaka alikuwa akimaliza usafi wote kabla ya tarehe 20 Desemba, anafunga mzigo, anavaa koti, anakaa getini kwenye ukungu juu ya sanduku hilohilo la nguo, na basi la Arusha likipiga honi anasimama. Metui akamtania eti anangoja bibi harusi, naye akasema huenda wakamwita, afadhali wamkute tayari. Hatukumwita. Mimi nilidhani ana kazi.

Desemba hii alimaliza tarehe 19, akakaa pale getini, tarehe 22 akaanza kukohoa, tarehe 27 akapelekwa hospitali ya misheni ambako aligundulika kuwa na homa ya mapafu, na Alhamisi tarehe 2 Januari 1969, saa tatu asubuhi, akafariki dunia.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi waliomhangaikia, Bi Hamisa wa dukani aliyemletea uji kila siku na kumfunika kwa shuka lake mwenyewe, Mwalimu Mkuu Valeriani na walimu wote, na Metui, aliyekaa naye getini nilipopaswa kukaa mimi. Madawati mliyokalia aliyasugua yeye, na hata vumbi halijashika.

Kaka Melkizedek, shule itafunguliwa tarehe 13, kwa hiyo umewahi. Mdogo wako nimekuja kukuita. Vaa koti, twende nyumbani, Eliapenda anakungoja, na Christina atakushika mkono. Nisamehe. Pumzika kwa amani.