Maisha ya Bi Koma, Msahihishaji Aliyekataa Kutendwa

Wafiwa wenzangu, majirani wa mtaa huu, wafanyakazi wa kiwanda cha uchapaji, nanyi mliosimama ukutani kwa kukosa viti, familia imenituma niwasomee maisha ya shangazi yangu, dada mkubwa wa baba, ambaye wengi wenu mlimjua kwa jina la Bi Koma, na nitayasoma kwa utaratibu mliouzoea, isipokuwa mahali pachache ambapo yeye mwenyewe aliukataa utaratibu huo.

Mama yake alimzaa tarehe 14 Agosti 1949, katika nyumba ya vyumba viwili nyuma ya stesheni, ambako baba yake alikuwa fundi wa reli. Nasema mama yake alimzaa, wala sisemi alizaliwa, kwa sababu shangazi alikuwa na ugomvi wa kudumu na kauli ya kutendwa, akidai kwamba ukiyasikiliza maisha ya mwanamke yakisomwa mbele ya jeneza lake, utamsikia akizaliwa, akilelewa, akiposwa, akiolewa, akiachwa na kuzikwa, mithili ya mzigo uliopita mikononi mwa watu, pasipo siku hata moja ambayo yeye mwenyewe alifanya jambo.

Alianza masomo Januari 1957 katika shule ya watoto wa wafanyakazi wa reli, ambapo kila alasiri wavulana walisoma uraia na wasichana walijifunza kushona vifungo, naye kwa kuwa vifungo vyake alivimaliza upesi, alikwenda kusimama nje ya dirisha la wavulana, hata mwalimu akachoka kuona kivuli chake ubaoni, akamwambia, "Ingia ukae, lakini usiulize kitu." Akaingia, akakaa, akauliza kwa nini kitabu kinasema kwamba raia ni mtu apigaye kura ilhali mama yake hapigi, na mwalimu akamrudisha kwenye vifungo. Alimaliza darasa la nane mwaka 1964, kisha akajifunza kupiga chapa.

Tarehe 2 Septemba 1968 aliingia kiwandani, kwanza katika chumba cha kukunjia karatasi, na mwaka 1971 akahamia kwa wasahihishaji, chumba chembamba chenye meza moja, taa moja na viti viwili, ambamo watu hufanya kazi wawiliwawili, mmoja akisoma kwa sauti nakala ya mwandishi pamoja na alama zake zote, koma, nukta, funga mabano, na mwenzake akifuata kwa kalamu kwenye ukurasa uliotoka mtamboni. Sauti yake ya kusoma ndiyo iliyompa jina, ingawa waliomwogopa walidhani ni amri. Msimamizi wa mitambo alipenda kumtania mlangoni, "Bi Koma, bwana akikugombeza nyumbani, utamwekea nukta?" naye akijibu bila kuinua macho, "Namwekea alama ya kuuliza, ajijibu mwenyewe."

Kila alipokuta sentensi isiyo na mtenda, aliandika pembeni neno moja, Nani. Wanawake walinyimwa kura, akaandika Nani, binti alikatishwa masomo, akaandika Nani, hata waandishi wakalalamika na meneja akamwita ofisini, akamwambia, "Mama, tunakulipa usahihishe herufi, si dunia," naye akasema, "Sawa, mzee, ila dunia mnaniletea kwa herufi."

Mwaka 1975 yeye, mshona vitabu, karani wa mapokezi na mpishi wa kantini walianza kukutana saa ya chakula katika stoo ya karatasi, wakikaa juu ya mabunda, na humo shangazi aliwasimulia aliyoyasoma katika kurasa zilizopita mezani pake, kwamba wapo wanawake waliotangulia kudai kura, wakatukanwa na kutiwa gerezani kwa ajili yake, wakaipata, na waliowafuata wakagundua kwamba kura peke yake haimpi mtu mshahara ulio sawa wala sehemu yake katika urithi, na wengine tena wakaja wakasema kwamba hata yanayotokea jikoni na chumbani, nani anaosha, nani anaamka mtoto akilia, nani anapigwa na kuambiwa avumilie, hayo nayo ni mambo ya nchi nzima, si aibu ya mtu mmoja. Mpishi aliwasikiliza wiki kadhaa, kisha akasema, "Usawa wenu mtamu sana, dada zangu, lakini sahani mnaniachia mimi." Wakacheka mpaka mshona vitabu akaanguka kutoka kwenye bunda lake, na tangu siku hiyo kila mmoja aliosha sahani yake. Shangazi alipenda kusema kwamba hakuna hotuba iliyomfundisha zaidi, kwa kuwa madai ya wanawake, yakimsahau mwanamke mmoja, yameanza kuwa madai ya wachache.

Kuhusu ndoa, ndugu zangu, yeye na mpima ardhi mmoja walioana tarehe 8 Aprili 1972. Baba yangu aliposoma rasimu hii juzi aliniambia, "Andika aliolewa, mwanangu, watu wasije wakadhani hatujui Kiswahili," nami namheshimu baba, lakini shangazi aliipeleka gazetini taarifa ya ndoa yake kwa neno hilohilo, wameoana, na mama mkwe alipoisoma aliuliza, "Kwani na yeye ameoa?" naye akajibu kwa adabu kamili, "Ndiyo, mama, nimemwoa mwanao." Mama mkwe alicheka, mume hakucheka.

Tarehe 5 Machi 1974 shangazi alijifungua binti, mtoto wake wa pekee. Mwaka 1979 kazi ya mume ilihamia mji mwingine, naye akamtaka mkewe aache kiwanda na mikutano ya stoo, shangazi akakataa, wakaachana, na sheria ya wakati huo ilimpa baba mtoto yeyote aliyevuka umri wa kunyonya, bila kumuuliza mama neno. Binti aliondoka na baba yake kwa treni ya asubuhi, akiwa na umri wa miaka mitano.

Tangu hapo dai la wanawake wa stoo lilikuwa moja, kwamba mama asimame sawa na baba mbele ya hakimu. Shangazi alilipeleka kwa mawakili, kwa vyama vya wafanyakazi, kwa wabunge waliomsubirisha kwenye mabenchi, na kila likizo alipanda treni hadi mji ule, akabisha mlango mchana, akarudi. Juni 1992 bunge lilibadilisha sheria, na kiwanda kikapata kazi ya kuichapa. Mwenzake wa mezani, ambaye yupo nasi hapa, amenieleza kwamba shangazi aliisoma kwa sauti yake ya kila siku, kifungu kwa kifungu, koma kwa koma, hadi nukta ya mwisho, kisha akaomba maji. Binti yake alikuwa ametimiza miaka kumi na minane mwezi Machi, na sheria ile haikumhusu tena.

Wapo wanawake katika chumba hiki waliolala na watoto wao kwa sababu ya sheria hiyo. Yeye alilala peke yake. Alistaafu mwaka 2004, akaishi ghorofa ya pili, na jirani yake fundi cherehani anasema kwamba jioni alimsikia kupitia ukutani akisoma gazeti kwa sauti pamoja na alama zake, koma, nukta, kisha akinyamaza kidogo, kama mtu anayempa mwenzake nafasi ya kuandika. Binti alimtembelea mara chache, wakaamkiana shikamoo na marahaba, wakazungumzia mvua. Niliwahi kumuuliza shangazi kama anajuta, akaniambia, "Nilidai, nikapata, nikabaki peke yangu. Yote matatu ni kweli, mwanangu, usifute hata moja."

Moyo ulianza kumsumbua Januari 2021. Binti, ambaye ni mhandisi wa maji, alikuja hospitali mwezi Machi, akakaa kando ya kitanda, nami nilikuwapo, na kwa idhini yake nawasomea walichosema. Alimuuliza, "Mama, mbona hukuwahi kunifuata?" Shangazi akajibu, "Nilikuja. Kila mara niliambiwa umelala." Binti akauliza, "Mchana? Uliambiwa na nani?" Mpima ardhi alikuwa ameshafariki, na binti alimpenda sana baba yake. Shangazi, aliyeuliza swali hilo maisha yake yote, alimtazama mwanawe kwa muda mrefu, akasema, "Niliambiwa tu, mwanangu." Binti alipanda kitandani na viatu vyake, akalala pembeni yake, na muuguzi aliyekuja kukataza akageuka akaufunga mlango.

Shangazi alifariki tarehe 3 Mei 2021, saa nne asubuhi, binti yake akiwa amemshika mkono.

Familia inawashukuru madaktari na wauguzi wa wodi ya moyo, fundi cherehani aliyempelekea uji na kukaa kumsikiliza, wasahihishaji, wachapaji na washona vitabu wa kiwanda, na mpishi wa kantini, ambaye amekuja kwa fimbo na kuukataa msaada wa kupanda ngazi. Katika rasimu yangu nilikuwa nimeandika pia shukrani kwa binti wa marehemu kwa kusafiri kutoka mbali, lakini aliposoma alichukua kalamu yangu, akaukata mstari huo, akasema, "Binamu, wanaoshukuriwa ni wageni. Mimi nimefiwa na mama yangu." Kwa hiyo simshukuru. Yeye ndiye aliyekaa kiti cha mbele, na baada yangu mtampa mkono wa pole yeye kwanza.

Pumzika, shangazi, na amani ikae nawe.